Muulize Mkutubi: Tabora Boys wana makala, sisi tumefutwa

SWALI: Shikamoo Mama Mkutubi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya kijijini, Wilaya ya Urambo. Likizo ya Desemba niliandika makala ya shule yetu kwenye Wikipedia ya Kiswahili: ilivyoanza mwaka 1975 chini ya mwembe baada ya watu kuhamishiwa kijijini, walimu wakuu wote kwa majina, matokeo ya darasa la saba, na kengele yetu, ambayo ni ringi nzito ya chuma yenye meno pembeni. Wazee wanasema ilitoka kwenye vifaru vya Wazungu wa karanga. Niliweka vyanzo vitano. Siku ya nne ikafutwa, eti shule haina umaarufu. Mbona Tabora Boys wanayo makala na hakuna anayeigusa? Au kosa letu ni kutosomesha rais?
Mwalimu wa Ringi, Urambo

JIBU: Marahaba, mwalimu wangu, na pole. Barua yako ilinichekesha, halafu nikanyamaza, maana yalishanikuta. Mwaka 2013 nilikaa jioni tatu kwenye kibanda cha intaneti karibu na stesheni hapa Tabora mjini, nalipia kila nusu saa, naandika habari za shule niliyosomea. Mwalimu wangu wa hesabu nilimpa aya nzima ya sifa. Kesho kutwa yake naifungua, haipo. Aliyeifuta nilimwandikia maneno ambayo mtu wa umri wangu hakupaswa kuyaandika.

Sitazunguka. Kwa hayo uliyonieleza, shule yako haiwezi kusimama na makala ya peke yake. Ila aliyekuambia "haina umaarufu" bila kufafanua amekuumiza bure, kwa sababu neno hilo kule halina maana tunayoijua sisi sokoni. Hawaulizi kama shule ni nzuri, wala ina watoto wangapi. Wanauliza kama kuna watu wasiohusika nayo walioandika habari zake kwa kirefu, mahali panapoaminika.

Sasa vyanzo vyako, maana umenibandikia vyote. Ukurasa wa Baraza la Mitihani una namba ya kituo inayoanza na PS, idadi ya watahiniwa na madaraja yao. Hiyo ni kama kadi ya mpiga kura: inathibitisha kuwa upo, haisimulii maisha yako, na kila shule yenye darasa la saba inayo. Orodha ya TAMISEMI ni hivyohivyo. Habari ya madawati kwenye tovuti ya halmashauri nayo haikusaidii, kwani halmashauri ndiyo mwenye shule, na mama mzazi hatoi ushahidi wa uzuri wa mwanawe. Gazeti lililoandika kwamba upepo umeezua madarasa mawili ndilo chanzo chako bora, lakini nimehesabu sentensi tatu, na moja ni ya mkuu wa wilaya akitoa pole.

Cha tano umeandika "mahojiano na wazee". Hapo ndipo penye ugomvi wangu na kanuni hii. Shule ya kijiji cha Uingereza imezungukwa na magazeti ya wilaya, vitabu vya historia ya parokia na wastaafu wenye muda wa kuandika. Shule ya kijiji cha Urambo historia yake imo vichwani mwa wazee watano, na mmoja wao anakohoa. Mwaka 2011 kulikuwa na mradi wa kurekodi wazee huko India na Afrika Kusini ili sauti zao zitumike kama vyanzo vya Wikipedia. Kanuni haikubadilika. Mimi naona ni hasara, na hasara hiyo ni yetu, si yao.

Lakini chukua hiyo ringi yako, uone kwa nini wanasita. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 wakaanza kung'oa pori kwa ajili ya karanga, Kongwa kwanza, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta hayakutosha, ndipo vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani vikageuzwa kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Mwaka 1951 mpango ukazikwa, Urambo ikabaki na tumbaku. Kwa hiyo wazee wako hawaoti ndoto: kifaru kweli kina gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Tatizo ni kwamba Caterpillar la kawaida nalo linalo, na matrekta ya mnyororo yalikuwa mengi kwenye mpango huohuo. Je, meno hayo kuna aliyeyahesabu? Kama "wazee wanasema" inatosha, basi kesho mwenzako wa kijiji cha pili ataandika kwamba kengele yao ilitoka kwenye garimoshi la Mjerumani, na hutakuwa na la kumjibu.

Kuhusu Tabora Boys. Makala yao haiishi kwa sababu Nyerere alisoma pale kuanzia 1937 hadi 1942. Inaishi kwa sababu shule ile, iliyoanza miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu, imeandikwa na kuandikwa tena na watu wa historia ya elimu wasio na undugu nayo. Umaarufu hauambukizi kama surua. Unamkumbuka Mzee Kimani Maruge wa Kenya, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84? Alisoma Kapkenduiywo, shule ya msingi ya Eldoret, dunia nzima ikapiga picha darasa lile. Sifa ile ni ya Maruge, na shule inatajwa ndani ya habari zake. Usidhani pia ni kijiji tu kinachoonewa: kwenye Wikipedia ya Kiingereza shule za msingi kwa kawaida huingizwa kwenye makala ya mji au kijiji, na mwaka 2017 wahariri walikubaliana kwamba hata sekondari haibaki kwa sababu tu ipo.

Kwa hiyo fungua makala ya kata yenu. Makala nyingi za kata za kwetu ni sentensi mbili: postikodi, na idadi ya watu kwa sensa. Weka pale sentensi moja kuhusu shule, uielekeze kwenye ile habari ya paa. Usiweke walimu wakuu kwa majina, na usiandike "walimu mahiri". Mimi maneno kama hayo ndiyo yaliyoniponza.

Halafu nenda kwenye ringi na rula. Hesabu meno, pima upana, sugua kutu kwa brashi ya waya utafute namba au herufi zilizotokeza kwenye chuma, upige picha mchana jua likiwa pembeni. Picha uipeleke Wikimedia Commons, ghala la picha la Wikipedia, ambako hakuna anayeuliza umaarufu. Huko duniani kuna watu wanaoamka usiku kwa ajili ya namba za vifaru. Tafadhali mwalimu mkuu asiipake rangi kwanza. Nawajua walimu wenzangu, mgeni akitajwa tu hata mawe ya bustani yanapigwa chokaa.

Wazee warekodi wiki hii, ukianza na anayekohoa. Kile kitabu cha kumbukumbu za shule kilichofungiwa kabatini kipige picha ukurasa kwa ukurasa kabla mchwa hawajakisoma. Mhariri wetu anasema ringi ikionekana ina hadithi atamtuma mwandishi Urambo. Wewe usiiandike, mwalimu. Ukiandika wewe tunarudi kwenye yaleyale.

SWALI: Mama, nimesoma majibu yako ya nyuma kuhusu Wikipedia. Shule yetu, Nzega vijijini, haipo hata kwenye ramani ya simu. Nayo inahitaji umaarufu?
Mwanafunzi wa zamani

JIBU: Haihitaji, mjukuu wangu. Kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe, kitu kikiwepo ardhini kinawekwa, basi. Fungua akaunti, simama getini na simu yako, weka alama ya shule na jina kama lilivyo kwenye kibao. Ukishamaliza, weka na pampu ya maji iliyo nyuma ya madarasa, kama bado inatoa maji.