Kabla ya kupiga Windows upya: majibu kwa wasomaji wa Kigoma

Kompyuta ya steshenari yangu inarudi mwaka 2014 kila asubuhi, na tovuti karibu zote zinagoma kufunguka, eti si salama. Nimebadilisha laini ya intaneti, hali ni ileile. (Ujiji)

Laini haina kosa. Ukizima swichi ya ukutani jioni, saa ya kompyuta inabaki ikitegemea betri ndogo ya duara iliyo kwenye bodi, CR2032 ya volti 3. Ikichoka, saa inarudi tarehe ya kiwandani. Sasa, vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha; kwa mashine inayodhani ni 2014, cheti cha leo hakijaanza kutumika, hivyo inakikataa.

Chomoa waya wa umeme, toa betri, ipime kwa mita. Ikisoma chini ya volti 2.7 hivi, tupa. Mpya iingie alama ya + ikitazama juu. Kisha usikimbilie Windows: ingia kwanza BIOS (menyu ya mipangilio ya bodi, inayofunguka kabla ya Windows), weka tarehe na ukague mpangilio wa SATA, yaani namna bodi inavyowasiliana na diski, maana betri ikichoka nao unaweza kurudi wa kiwandani. Kama ulikuwa AHCI na umerudi IDE wenyewe, urudishe AHCI; la sivyo utapata skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, na mtu atakuuzia diski mpya wakati yako ni nzima.

Kompyuta ya mezani inajizima ghafla katikati ya kazi. Fundi ameshapiga Windows mara mbili. Apige tena? (Kasulu)

Asipige. Iwashe, ingia BIOS (mara nyingi ni F2 au Delete), iache hapo nusu saa. Ikijizima ndani ya BIOS, Windows ilikuwa haijaanza hata kusomwa, kwa hiyo kulipia ya tatu ni kutupa hela. Hapohapo kwenye BIOS tazama joto la prosesa. Likipanda kuelekea nyuzi 90 na mashine haina kazi yoyote, feni imesimama, vumbi la kiangazi limeziba, au pasta ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo chake, imekauka.

Joto likiwa la kawaida, shuku umeme, hasa kama inazimika pale taa zinapofifia kwa sababu jirani kawasha mashine ya kuchomelea. Azima pawa saplai nyingine uijaribu kabla ya kununua. Ya zamani usiifungue: kapasita zake hubaki na chaji hata ukishachomoa waya.

Ikimaliza nusu saa salama, umeme bado haujatoka kwenye shaka, maana BIOS haiipi mashine kazi nzito. Rudi Windows, andika eventvwr kwenye Start ili ufungue kumbukumbu za matukio, fungua Windows Logs, kisha System, utafute tukio la Kernel-Power namba 41. Wapo mafundi wanaoisoma 41 kama hukumu ya pawa saplai. Siyo. Inasema tu kwamba mashine ilizimika bila utaratibu. Cha kusoma kiko kwenye Details, mstari wa BugcheckCode. Ikiwa 0, kwa kawaida Windows haikupata nafasi ya kuandika kosa: umeme ulikatika, joto lilizidi, au mashine iliganda mtu akashikilia kitufe. Ikiwa namba nyingine, Windows ilianguka yenyewe. Namba 26, kwa mfano, ni hitilafu ya kumbukumbu, na mara nyingi huelekeza kwenye RAM, vile vipande vya kumbukumbu vilivyochomekwa kwenye bodi. Andika mdsched kwenye Start uikague. Kosa likionekana, washa na kipande kimoja kimoja cha RAM hadi umjue mbaya.

Mafolda yote ya flashi yamegeuka shotikati. Kazi zimepotea? (Mwanga)

Hazijapotea, kirusi kimezificha. Usibofye hizo shotikati. Safisha kompyuta kwanza kwa antivirasi, la sivyo flashi itaambukizwa tena dakika hiyohiyo. Halafu fungua cmd, dirisha la amri la Windows. Kama herufi ya flashi ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafolda yakionekana, futa shotikati.

Kompyuta imekuwa nzito na diski inagonga tik-tik. Niendeshe chkdsk? (Kibondo)

Bado. chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, husoma diski nzima sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kwa kipande, na diski mahututi inaweza kukatikia humo. Nakili kwanza mafaili yako, ukianza na yale usiyoweza kuyapata kwingine. Kisha fungua CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski, soma mistari 05 (sekta zilizobadilishwa) na C5 (sekta zenye shaka). Thamani ghafi (Raw Values) zikiwa juu ya sifuri na zinaongezeka kila ukipima, nunua diski nyingine. Chkdsk haiwezi kuponya sekta iliyokufa.