Jibu: Beetle inakwaruza gia baada ya kubadili klachi

Habari mkuu. Nimekuelewa: Volkswagen Beetle ya 1968, klachi pleti na presha pleti (inayoibana klachi pleti kwenye injini) ni mpya, lakini ukikanyaga pedeli mpaka mwisho, gia ya kwanza na rivasi bado zinakwaruza.

Usikimbilie kushusha injini tena! Ingia chini (weka stendi, usiamini jeki peke yake) ukague nati yenye masikio kwenye ncha ya waya wa klachi, kushoto mwa gia boksi. Pedeli icheze bure, yaani ishuke kabla ya kuanza kuvuta klachi, milimita 10 hadi 20 tu. Yangu ilikuwa inacheza zaidi. Nilikaza nati, kelele ikaisha.

Ikigoma, shusha injini ulinganishe presha pleti na ile ya zamani. Za kabla ya 1971 zina ringi katikati inayokutana na beringi ya klachi (inayosukuma presha pleti ukikanyaga pedeli), za baadaye hazina. Muuzaji akikwambia zinaingiliana, mkatalie.