Mashapo Mekundu na Hofu Niliyoipima

Msomaji mmoja ameniandikia akiuliza kwa nini nikeli yake, alipoitia dimethiliglioksimu, kitendanishi (kemikali) kinachoinasa nikeli na kuitenga na myeyusho, ilimpa mashapo, yaani yabisi iliyojitenga, ya kahawia badala ya yale mekundu ambayo Lev Chugaev, mkemia wa Urusi, aliyaeleza mwaka 1905. Nitamjibu, ila kwanza niungame kosa langu, kwa kuwa nashuku pupa yetu ni moja.

Nilipopewa kwa mara ya kwanza kupima nikeli iliyomo katika aloi, yaani mchanganyiko wa metali, nilihofu kwamba nyingine ingebaki kwenye myeyusho bila kunaswa. Miligramu 1 ya nikeli huhitaji takribani miligramu 4 za kitendanishi hiki, yaani mililita 0.4 za myeyusho wake wa asilimia 1 katika ethanoli. Hivyo miligramu 30 nilizokuwa nazo zingetoshwa na mililita 12 na ziada kidogo. Mimi nilimimina 40. Mashapo yalijaa bika nami nikajiona fundi, nikisahau kwamba dimethiliglioksimu huyeyuka kwa shida sana katika maji, na kwamba myeyusho ukipoa, ziada yake hujitenga na kwenda mizanini pamoja na nikeli. Jibu langu lilizidi kiasi kilichojulikana. Msimamizi alitamka mbele ya wenzangu kwamba nilichopima ni hofu yangu. Alisema kweli, lakini angeweza kuniita pembeni.

Juma lililopita sampuli zangu tatu zilipatana vizuri, na sioni haya kujisifu. Ninyi mnaotaka kuaminiwa kwa vipimo vyenu, pigeni hesabu kabla ya kumimina, pasheni myeyusho moto, tieni amonia tone kwa tone, kisha pigeni hesabu tena. Mashapo yakikaushwa, asilimia 20.32 ya uzito wake ni nikeli, lakini yakiwa safi tu. Mkono wenye haraka hauna kanuni ya kuusahihisha.

Sasa wewe uliyeandika: kahawia hiyo yaelekea ni haidroksaidi ya chuma. Tia asidi ya tartariki kabla ya amonia, ili chuma kishikwe na kubaki kimeyeyuka. Jaribu kuongeza amonia kabla hujatia kitendanishi. Myeyusho ukichafuka, urudishe kwenye hali ya asidi, ongeza tartariki, ujaribu tena mpaka ubaki mwangavu.