Nani hukagua mafuta ya gari la doria?

SWALI: Mhariri, nilipokwenda kuripoti wizi usiku katika kituo kimoja cha polisi hapa Kisumu, niliambiwa gari la doria halina mafuta. Je, matumizi hayo hukaguliwa na nani?
Msomaji, Kondele

JIBU: Uchungu wako tunauelewa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kila taasisi ya serikali kuu, polisi wakiwemo, iwe na ukaguzi wa ndani na kamati ya ukaguzi, ili kasoro igunduliwe mapema, kwa kuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa ripoti yake baada ya mwaka wa fedha kumalizika Juni 30. Udhibiti wenyewe huanzia kwenye kitabu cha safari za gari: anayeidhinisha mafuta asiwe ndiye anayeyapokea, na lita zilizoandikwa zilinganishwe na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Kwa maoni yetu, hatari ya gari kukwama usiku yafaa iorodheshwe na kupewa afisa wa kuisimamia, kama ile ya silaha kupotea, kwa sababu zote mbili hugharimu maisha. Ukishuku wizi wa mafuta, piga ripoti kwa Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi. Afisa akikataa kukuhudumia, mlalamikie kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi.