Barua kwa mwanangu anayefikiria kurudi Wimmera, mashambani mwa jimbo la Victoria, Australia

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifika, nami nimeisoma na kuirudia. Unasema hospitali moja ya huku Wimmera imekupa nafasi ya uuguzi, mkeo anasitasita kuiacha Dandenong, kule Melbourne, na nyote wawili mnataka kujua kutoka kwangu kama wajukuu zangu watapokewa vizuri katika mji mdogo kama huu wetu, au kama watakuwa watoto weusi wawili tu ambao darasa zima linawakodolea macho.

Kupokewa watapokewa, na hilo nakujibu bila kufikiri sana. Wiki ya kwanza mtaletewa keki mlangoni na mayai ya kuku wa jirani, na dereva mtakayepishana naye barabarani atainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kuwasalimu hata kama hajui majina yenu. Kukodolewa macho nako kutakuwepo, maana hakuna mahali pa kujificha. Lakini hayo ni mambo ya siku za mwanzo, na wewe umeniuliza habari za mlangoni wakati mimi ninawaza habari za ndani ya nyumba. Mkishapokewa, mtakuwa nani hapa? Tangu mkiwa wadogo nimewaambia, wewe na dada yako, kwamba mahali padogo kila mtu anahesabiwa, na najua dada yako akisikia maneno hayo hugeuza uso. Hata hivyo nayarudia, kwa sababu sijaona jambo lililoyakanusha, ingawa nimeona yaliyonifanya niyaseme kwa uchungu.

Hali ya huku unaijua, lakini mkeo haijui, kwa hiyo msomee sehemu hii. Horsham iko kama kilomita 300 kutoka Melbourne, nasi tuko mbele zaidi, katikati ya uwanda wa ngano, shayiri, kanola na dengu, ambako mgeni huviona vihenge vya saruji kabla ya kuiona nyumba hata moja. Pale Brim walivichora vihenge hivyo mwaka 2016, wakulima wanne wa kimo cha jengo la ghorofa, na sasa watu hutoka mbali kuja kuwatazama. Mimi kila nikipita huwaza kwamba wakulima wenyewe wamekuwa adimu kiasi cha kuchorwa. Shamba ambalo zamani lililisha familia kadhaa leo linalimwa na baba na mwanawe kwa kombaini moja, basi familia zile nyingine zikaondoka, na zilipoondoka benki ikafunga, duka likapunguza saa za kazi, na darasa likabaki na viti vitupu. Idadi ya walimu hufuata idadi ya wanafunzi, na watoto wakipungua, mwalimu huhamishwa. Vilabu vya michezo vimeungana ili viweze kuishi, Jeparit na Rainbow, Edenhope na Apsley, kwa kuwa futiboli ya Kiaustralia hutaka wachezaji 18 uwanjani na mji mmoja hauna tena vijana 18 wa rika moja. Ndiyo maana wewe, uliyekuwa hujui hata kuushika mpira ule wenye umbo la yai, ulipewa jezi Jumamosi ya kwanza.

Sasa ule mkutano wa ukumbini. Nadhani unaukumbuka kwa namna yako, kwa sababu wewe ndiye uliyeketi kati yangu na marehemu baba yako ukitutafsiria, na miguu yako ilikuwa haijafika sakafuni vizuri. Mimi naukumbuka kwa harufu ya chai na kwa zile karatasi. Bwana mmoja wa kamati alisimama, akavaa miwani, akasoma orodha ya watoto wa shule darasa kwa darasa, kisha akasema kwamba kwa kuja kwa familia hii hesabu imevuka kiwango na mwalimu wa pili hataondolewa. Watu walipiga makofi. Walitutazama kwa furaha ya kweli, sisemi kwamba walikuwa wabaya. Wewe ulinyamaza kidogo, kisha ukatuambia, "Wanafurahi kwamba sisi ni wengi." Baba yako hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani na kuvua makoti. Ndipo aliposema, "Nyarugusu tulihesabiwa kwa ajili ya unga. Hapa tumehesabiwa kwa ajili ya mwalimu. Lini tutahesabiwa kwa ajili yetu?"

Sikuwa na jibu, na maneno yale hayajaacha kuniuma. Unajua foleni za posho zilivyokuwa kule kambini Nyarugusu, Kigoma, jua la asubuhi, kadi iliyotobolewa, afisa akitugusa mabega mmoja baada ya mwingine bila kututazama usoni. Mtu aliyetoka huko akisikia tena idadi yake ikisomwa mbele ya watu, hata kwa nia njema, mwili wake hukumbuka kabla ya akili yake.

Uliniandikia pia kuhusu Mingoola, kule mpakani mwa New South Wales na Queensland, walikokaribishwa kina ndugu zetu wa Burundi na nchi jirani mwaka 2016 kwa sababu shule ilikuwa inakaribia kufungwa kwa kukosa watoto. Unaona ni habari nzuri, na mimi nasema ni nzuri, lakini nilipoisoma nilijiuliza kama baba mmoja wa huko naye alivua koti na kuuliza swali lile. Jirani zetu wa Nhill nao wana hesabu yao. Wakaren waliotoka Myanmar walianza kuhamia pale mwaka 2010 kufanya kazi katika kiwanda cha bata, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba ujio wao uliuongezea uchumi wa eneo lile dola milioni 41.5 katika miaka mitano. Mama mmoja Mkaren ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee huutaja utafiti huo kwa fahari. Mimi nisingeweza kuutaja kwa fahari. Labda yeye ana haki kuliko mimi, kwa maana mtu aliyewahi kuambiwa kwamba yeye ni mzigo ana haki ya kushika mkononi karatasi inayosema kinyume.

Lakini usije ukadhani nimemaliza, kwa sababu upo pia ule moto wa dengu, na wewe siku ile ulikuwa Melbourne kwenye mitihani, kwa hiyo hujapata kuusikia vizuri kutoka kwangu.

Dengu ni zao la hatari wakati wa kuvuna. Zinakaa chini sana, kombaini inazikwangua karibu na udongo, na vumbi lake jepesi hujikusanya kwenye sehemu zenye joto za injini, ambapo cheche moja inatosha. Upepo wa kaskazini ulikuwa umeanza kupanda, na watu walikuwa tayari wanasimamisha mashine, ilipotokea kombaini moja ikashika moto upande wa magharibi wa mji. Unajua kwamba zimamoto ya vijijini ya Victoria, CFA, iliyoanzishwa mwaka 1945 baada ya mioto mikubwa ya 1939 na 1944, huku kwetu ni watu wa kujitolea: mwalimu, fundi, mkulima, na baba yako, aliyekuwa amemaliza mafunzo na kukabidhiwa kofia yake. Kabla gari la zimamoto halijatoka kwenye banda, pikapu za wakulima zilikuwa zimeshakwenda, kila moja na tangi lake la maji na pampu nyuma, bila mtu kumwita mwenzake kwa jina.

Mimi nilikwenda ukumbini kwa sababu nilishindwa kukaa nyumbani peke yangu. Hakuna aliyeniambia karibu. Bibi mmoja mzee alinisogezea ubao, kisu na mkate, akakata kipande kimoja cha nyama baridi kunionyesha unene anaoutaka, akaendelea na kazi yake. Tulikata, tukapaka siagi, tukajaza chupa za maji, na dirishani moshi ulikuwa umegeuka rangi ya udongo. Jioni wanaume na wasichana wawili wakaanza kuingia, nyuso nyeusi kwa masizi, macho mekundu. Baba yako hakuwa miongoni mwao.

Yule bwana wa orodha aliingia. Alikuwa nahodha wa kikosi mwaka ule. Alipewa chupa ya maji, akaishika bila kuifungua, akaanza kuhesabu watu kwa kidole, akitaja majina, na alipomaliza aliniangalia, akamtaja baba yako kwa jina lake lote, akilitamka vizuri, akaiweka chupa mezani na kutoka. Tulisikia gari likirudi kule lilikotoka. Walirejea pamoja giza likiwa limeingia. Baba yako alikuwa amebaki kulinda magogo ya uzio yaliyokuwa bado yanafuka, na redio yake ilikuwa imeishiwa chaji. Bwana yule hakuyagusa maji yake mpaka baba yako alipokaa.

Usiku ule nilimuuliza baba yako kama swali lake limejibiwa. Alisema nahodha yeyote angefanya vile kwa mtu yeyote, ni sheria ya kikosi. Nikamwambia kwamba hilo ndilo jibu lenyewe. Akatikisa kichwa. Tulibishana juu ya jambo hili mpaka ugonjwa ulipomlaza, na mpaka leo naendelea kubishana naye jikoni.

Maana upande wake una nguvu, nami sitaki kukuficha. Kuhitajiwa hakufanani na kupendwa. Mji huu uliwahitaji watoto wangu walipokuwa wa kwenda shule, na walipokua haukuwa na cha kuwapa. Dada yako ana hesabu yake, na unaijua. Kuna duka ambalo sitalitaja alikokuwa akifuatwa nyuma rafu kwa rafu na mwenye duka, wakati wenzake wazungu wa netiboli wakizunguka humo wanavyotaka, na habari kwamba alionekana akitembea na kijana fulani ilinifikia kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani. Anasema mahali panapokuona siku zote hapakujui. Nimejaribu kumjibu kwa miaka, na majibu yangu mwenyewe naona hayanitoshi. Mkeo pia atakuwa peke yake kwa namna ambayo wewe, ukiwa kazini kati ya watu, hutaiona haraka. Hakuna wa kumsuka, hakuna kanisa linaloimba kwa Kiswahili, na watoto wataanza kunijibu kwa Kiingereza kabla ya mwaka kwisha. Safari ya daktari bingwa mara nyingi ni safari ya kwenda Ballarat au Melbourne, na hilo wewe muuguzi huhitaji kuambiwa.

Na jambo jingine ambalo watu wa hapa husema kwa sauti ya chini. Katika sherehe za mji utasikia hotuba kuhusu wazungu wa kwanza waliolima uwanda huu, lakini ardhi hii ilikuwa na wenyewe, Wawotjobaluk na jamaa zao, ambao mahakama ilitambua haki zao juu ya sehemu ya ardhi yao mwaka 2005 tu. Sisi tuliokimbizwa kwetu tumepewa makao kwenye ardhi ya watu waliokimbizwa kwao. Wafundishe wanao jina hilo mapema, wasilisikie ukubwani kama nilivyolisikia mimi.

Basi niseme mje au msije? Kalamu yangu inataka sana kuandika neno moja, nami naizuia. Kaburi la baba yako liko hapa, na siku tuliyomzika uliona mwenyewe kombaini zilivyosimama katikati ya mavuno na magari yalivyojipanga mpaka barabara kuu, kwa hiyo mimi si mshauri huru. Ningekuambia mahali padogo kila mtu anahesabiwa, na ungedhani ninakusifia mji, kumbe ninakueleza pia mzigo wake: ukiugua watajua, ukikosa mchezo wa Jumamosi watauliza, na ukiamua kuondoka, mwalimu wa pili ataondoka nawe. Je, nataka wajukuu zangu wabebe hilo? Siku nyingine nasema hapana, wana haki ya kuwa watoto wawili kati ya maelfu. Kisha naikumbuka ile chupa ya maji isiyofunguliwa. Lakini hili ni lenu, wewe na mkeo, na nimekwisha kusema zaidi ya nilivyokusudia.

Ninachoomba ni kwamba msije kuutazama mji Desemba, wakati kila mtu yuko mbioni na pesa ya mavuno inaonekana. Njooni mwishoni mwa Julai, shule zikiwa zimefunguliwa, baridi ikiwa kali na hakuna kinachotokea isipokuwa mpira wa Jumamosi. Nitazungumza na mwalimu mkuu ili watoto waketi darasani siku chache. Nyumba za kupanga ni chache, lakini ipo moja nyuma ya ofisi ya posta ambayo nitaiulizia bila kuwataja. Mkeo abebe nywele za kusukia na mafuta yake, hapa havipatikani, na mkipitia Shepparton kwa mama mdogo mniletee sombe. Mkiwa hapa sitauliza mmeamua nini mpaka mkeo atakapozungumza kwanza.

Wasalimie watoto.

Mama yako