Jibu: Mbona injini ya Boxer haifiki mizunguko 14,500 kwa dakika?

Ndugu, umeuliza mbona pikipiki yako ya Boxer 150 inaishiwa na pumzi mapema ilhali Yamaha R6, pikipiki ya mbio uliyoiona Mamboleo, mizunguko yake ilikuwa ikizidi tu kupanda. Angalia pistoni. R6 ina silinda 4, kila moja karibu cc 150, yaani sawa na injini yako nzima! Lakini pistoni yake ina upana wa milimita 67 na husafiri milimita 42.5 tu juu na chini, yako ina upana wa 56 na husafiri 58.8, yaani safari ndefu zaidi kila mzunguko. Ukilazimisha Boxer kufika 14,500, pistoni ingekimbia wastani wa mita 28 kwa sekunde. Ya R6 kwa mizunguko hiyo hiyo ni kama 20. Utavunja kitu. Ila ukipanda mlima wa Riat na abiria na gunia la omena, Boxer huvuta hata injini ikizunguka polepole, R6 lazima uikamue kwanza mizunguko ipande.