Kikapu cha Kicherokee chenye kuta mbili

Umeuliza kama kikapu chenye kuta mbili cha Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, ni vikapu viwili vilivyochomekwa kimoja ndani ya kingine. Hapana ndugu. Ni kimoja tu, kimesukwa mfululizo. Msukaji huanzia kitako cha ndani, anapanda na ukuta hadi mdomoni, hapo anazikunja chane na kushuka nazo kwa nje mpaka amalizie kitako cha chini. Ndiyo maana mdomo wake hauna pindo la kufungia.

Kazi kubwa hasa iko kabla ya kusuka. Mwanzi wa mtoni hupasuliwa, hubanduliwa ganda la juu linalong'aa, ambalo ndilo linalotumika, kisha chane moja moja hukwanguliwa kwa kisu mpaka ilainike. Rangi ya kahawia hutokana na mizizi ya mti wa mjozi mweusi (black walnut), ambayo huchemshwa pamoja na chane kwa saa nyingi.

Ukitaka kuwafahamu wanawake wasukaji wa vikapu hivi, anza na Lottie Queen Stamper, Mcherokee wa jimbo la North Carolina. Mtindo huo ulikuwa umekaribia kupotea kwao, naye akaufufua kwa kuchunguza picha ya kikapu cha kale kilichoko makumbusho ya British Museum, London. Miaka mingi aliwafundisha wasichana shuleni. Namheshimu sana mama huyu!

Shida ya leo ni mwanzi wenyewe. Mashamba na ujenzi vimefyeka sehemu kubwa ya vichaka vyake, kwa hiyo Wacherokee wamelazimika kuvilinda na kuupanda upya.